Kuvutika si kazi, kazi ni kurudi: niliyojifunza kwa kushona taiti na nguo za kuogelea

Kwa miaka mingi nilishona magauni, mashati na makoti ya vitambaa visivyovutika, na nikaamini kwamba fundi aliyeweza kola na mkono wa koti hawezi kushindwa na taiti. Taiti ina nini? Miguu miwili, msamba na kiuno, basi. Ndipo kikundi cha wacheza dansi kikaniletea kazi ya sare, taiti na topu za kubana, na karibu kazi yote ikanirudia. Magoti ya taiti yalivimba hata mtu akiwa amesimama wima, viuno vilishuka, na binti mmoja mshono wa makalio ulimfumukia katikati ya mazoezi mbele ya wenzake. Nilirudisha fedha. Kitambaa nilichokuwa nimekilipia mwenyewe kiliishia kuwa vipande vya kujaribia sindano. Lakini hasara sikuikumbuka sana. Nilichokumbuka ni yule binti aliyejifunga sweta kiunoni na kukaa pembeni, kwa sababu nguo ya kubana ikiachia, aibu ni ya mvaaji, fundi hayupo pale.

Tangu hapo nimeshona taiti, sidiria za mazoezi na mavazi mengi ya kuogelea, na ninaandika kwa ajili ya fundi anayetaka kuingia kwenye kazi hii akitokea nilikotokea mimi.

Jambo lililonichelewesha ni hili. Dukani nilikuwa navuta kitambaa, kinavutika, nafurahi, nanunua. Kila kitambaa cha aina hii huvutika. Kinachotenganisha kizuri na kibaya ni kama kinarudi, na kinarudi kwa nguvu gani, baada ya kuvutwa mara nyingi, kuloana, kupigwa joto na kufuliwa. Nilipoanza kuangalia kurudi, nilibadilisha karibu kila kitu: ninavyonunua, ninavyokata, sindano ninazotumia, hata ninavyozungumza na mteja siku anapochukua nguo yake.

Uzi unaofanya kazi hiyo ni spandeksi. Kwenye lebo za Ulaya utaukuta kwa jina la elasteni, na Lycra ni jina la kibiashara la uzi wa aina hiyohiyo, kwa hiyo usilipe zaidi ukidhani umepata vitu viwili tofauti. Ulibuniwa mwaka 1958 na mkemia Joseph Shivers katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Waynesboro, jimbo la Virginia, Marekani, na miaka michache baadaye ukaanza kutengenezwa kwa wingi. Walichokuwa wakikitafuta ni mbadala wa mpira uliokuwa kwenye nguo za ndani za kubana tumbo na nyonga. Mpira ulikuwa mzito, na jasho pamoja na mafuta ya mwili viliuharibu. Spandeksi ikaja nyembamba, nyepesi, na inaweza kuvutwa hadi zaidi ya mara 5 ya urefu wake kisha ikarudi.

Inarudi kwa sababu ya jinsi molekuli zake zilivyojengwa. Kila moja ni ndefu na ina sehemu za aina mbili zinazopokezana. Zipo laini zilizojikunjakunja, na zipo ngumu zinazoshikamana na zenzake za molekuli za jirani. Ukivuta, zile laini zinakunjuka huku zile ngumu zikizuia molekuli zisiteleze zikaachana. Ukiachia, laini zinajikunja tena. Joto kali, klorini na sindano isiyofaa vyote vinaharibu mpangilio huo, na vinauharibu mahali usipopaona, kwa sababu spandeksi karibu kila mara imefichwa. Imezungushiwa nyuzi za nailoni au poliesta, au imefunikwa na pamba, au imefumwa sambamba na nyuzi hizo. Macho yanaona nailoni nzima, inang'aa, rangi ipo, kumbe kilichokuwa kinairudisha kimeshakufa ndani.

Kiasi chake nacho ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Jinzi ya kuvutika huwa na asilimia 1 hadi 3 hivi. Fulana ya kubana hufika kama asilimia 5. Taiti za mazoezi na nguo za kuogelea mara nyingi huanzia asilimia 15 na kuvuka 20. Lakini asilimia peke yake isikudanganye, kwa maana namna kitambaa kilivyofumwa nayo ina sauti. Kilichofumwa kwa vitanzi, kama cha fulana au jezi, huvutika hata bila spandeksi, ila hakirudi vizuri. Cha jinzi, hata kikiwa nayo, kwa kawaida huvutika upande mmoja tu. Nimewahi kushika vitambaa viwili vyenye lebo ileile ya nailoni asilimia 80 na spandeksi asilimia 20, kimoja kikabana kama inavyotakiwa na kingine kikalegea mkononi.

Ndiyo maana siku hizi sinunui bila rula. Nakikunja kitambaa mbali kidogo na ukingo, nashika sentimita 10, navuta hadi kinapoanza kukataa bila kulazimishwa. Kikifika 15, kina uwezo wa asilimia 50. Halafu ndiyo sehemu yenyewe: nakishikilia hapohapo kwa muda, naachia, naangalia kimerudi wapi. Kikirudi 10, nakichukua. Kikibaki 11, nakiacha hata kiwe na rangi nzuri namna gani, kwa sababu hiyo sentimita moja ndiyo goti lililovimba na kiuno kinachopandishwa kila baada ya hatua tatu. Narudia upande wa pili, kwa urefu wa kitambaa, maana nguo ya kuogelea ya kipande kimoja inahitaji kuvutika kwa upana na kwa urefu pia.

Kama kitambaa kimechapwa maua au michoro, kivute juu ya kiganja na ukiangalie kwenye mwanga. Vitambaa vingi vya namna hii rangi imekaa juu tu. Kikivutwa, nyuzi zinaachana na weupe wa ndani unatokeza, rangi nyeusi inageuka kijivu, na kwenye makalio na mapaja ndiko kunakoonekana zaidi. Mteja hataliona hilo kwenye kioo akiwa amesimama. Atalijua siku atakapoinama mbele ya watu. Kitambaa chepesi cha rangi nyeupe au ya maziwa kiloweshe kipande chake kwanza, na kama ni vazi la kuogelea weka bitana mbele na nyuma. Mimi siku hizi bila bitana sikubali kazi ya nguo nyeupe ya kuogelea.

Kabla ya kukata, kifungue kitambaa kutoka kwenye jora ukilaze mezani usiku mzima. Kwenye jora kitambaa huviringwa kikiwa kimevutwa, na ukikikata papo hapo, vipande vitajikunyata baada ya mkasi kupita na nguo itatoka ndogo kuliko kiolezo. Kisining'inie nje ya meza wakati wa kukata, uzito wake wenyewe unakivuta. Badala ya pini natumia vitu vizito kukandamiza kiolezo, na nikilazimika kutumia pini nazichoma ndani ya posho ya mshono tu, yaani ile nafasi ya ukingoni inayobaki nje ya mstari wa kushonea. Upande unaovutika zaidi uzunguke mwili. Ukiugeuza ukaenda juu na chini, mtu hataweza kupitisha taiti kwenye nyonga zake.

Kilichonisumbua sana kichwani ni vipimo. Fundi wa gauni amezoea kuongeza nafasi juu ya kipimo cha mwili. Huku unapunguza. Mtu mwenye nyonga za sentimita 100 naanza kumkatia taiti yenye mzunguko wa kama sentimita 90, kisha namjaribisha. Na kitambaa chenye uwezo wa asilimia 50 hakikupi ruhusa ya kuutumia uwezo wote kumbana aliyesimama. Mwili unahitaji akiba ya kuchuchumaa, kupiga teke na kuvuta pumzi. Uzi unaokaa muda wote karibu na kikomo chake huchoka haraka pia. Ukibadilisha kitambaa, badilisha kiolezo. Kiolezo kilichokubali kwenye kitambaa chenye nguvu kubwa ya kurudi kitaleta mikunjo kwenye kilicho laini, na wateja wangu wengine hawakunielewa nilipowaambia kwamba "saizi yangu ileile" haipo mpaka tujue kitambaa.

Kwa nguo ya kuogelea ya kipande kimoja, kipimo ambacho mafundi wengi hawakichukui ni kile kinachotoka begani, kikashuka mbele, kikapita msambani na kupanda mgongoni hadi bega lilelile. Kikikosewa, mikanda inakata mabega au nguo inaning'inia chini ya makalio, na hakuna namna ya kurekebisha isipokuwa kukata upya. Taiti nayo iwekee kipande cha msamba chenye umbo la almasi au pembetatu. Mishono minne ikikutana nukta moja, nukta hiyo ndiyo itakayofumuka kwanza. Kwa yule binti ndivyo ilivyokuwa, ingawa na sindano ilichangia.

Sindano nataka kuikalia kidogo. Sindano ya kawaida yenye ncha kali hutoboa uzi badala ya kuusukuma kando. Chukua mshono ulioshonwa na sindano hiyo, uuvute, utazame kwa karibu: utaona vinywele vyeupe, vifupi, vimechomoza pembeni ya vitundu. Hizo ni spandeksi zilizokatika. Kila kinywele ni mahali ambapo kitambaa hakitarudi tena, na kwa kuwa vimejipanga kwenye mstari wa mshono, nguo hulegea palepale inapotakiwa kushikilia. Tumia sindano maalumu ya vitambaa vya kuvutika, yenye ncha ya mviringo, namba 75/11 kwa vitambaa vyepesi na 90/14 kwa vizito. Sindano hiyo pia inapunguza ule ugonjwa wa cherehani kuruka mishono. Kitambaa cha kuvutika hupanda na kushuka pamoja na sindano, kwa hiyo kitanzi cha uzi ambacho ndoana ya chini inatakiwa kukidaka hakitokei sawasawa. Nilihangaika na mkazo wa uzi, nikamwita fundi wa mashine, nikamlipa, mashine ikawa nzima kabisa. Sindano ilipobadilishwa, ikaacha kuruka. Sindano ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote mezani, ibadilishe mapema.

Mshono wenyewe lazima uvutike angalau kama kitambaa. Mshono ulionyooka utakatika, hata ukiurudia mara tatu. Kama una cherehani ya kawaida tu, weka zigizaga nyembamba sana, upana wa kama nusu milimita na urefu wa milimita 2 na nusu, kisha pitisha zigizaga pana pembeni yake. Ukiwa na overloki ya nyuzi 4, ndiyo nzuri zaidi, na uzi laini uliojaa wa nailoni au poliesta ukiwekwa kwenye zile nyuzi za chini, mshono haukwaruzi ngozi. Uzi wa pamba usiutumie, hauvutiki na unakatika. Punguza mkandamizo wa kiguu cha cherehani na usivute kitambaa kwa nyuma. Ukikivuta, kitatoka na mawimbi, na mawimbi hayo pasi haiyaondoi. Kabla ya kushona nguo, shona kipande, kishike kwa mikono miwili na ukivute mpaka mwisho huku ukisikiliza. Ukisikia uzi ukikatika "tik", bora uusikie wewe mezani.

Tukija kwenye joto, kuna siku ambayo hadi leo inaniuma. Timu moja ilitaka nembo kifuani kwenye topu, na karakana iliyofanya kazi hiyo ilitumia mashine ya kugandamiza kwa joto lilelile wanalotumia kwenye fulana za pamba. Nembo ilikaa vizuri, imenyooka. Nilipovuta topu, kitambaa kilichoizunguka nembo kilirudi, lakini ule mraba uliogandamizwa ulibaki umetandazika, ukameremeta, na pembeni pakawa na mikunjo isiyoisha. Mzigo mzima uliharibika. Joto kubwa linavunja ule mshikamano wa sehemu ngumu za molekuli, na uzi unakubali umbo jipya au unakufa. Zipo karatasi za nembo zinazoshika kwa joto la chini na zinazovutika pamoja na kitambaa. Ziulizie, na wape kipande wajaribu kwanza. Nyumbani, pasi iwe ya joto la chini kabisa na kuwe na kitambaa cha pamba katikati, au iache kabisa. Nguo ya kuvutika iliyokatwa vizuri haina haja ya pasi.

Klorini nilifundishwa na mama mmoja aliyekuja na vazi la binti yake, mwogeleaji anayefanya mazoezi karibu kila siku. "Fundi, umeweka kitambaa gani hiki? Angalia kilivyolegea." Nilikuwa nimeanza mazoea ya kutunza kipande cha kila jora, nikakitoa. Tukavuta vyote viwili pale mezani. Kipande kilirudi kama siku ya kwanza. Vazi lilibaki limelala, na kwenye makalio ungeweza kuona kivuli cha mkono kupitia kitambaa. Rangi ileile, mishono mizima. Mama akanyamaza, akasema, "Kwa hiyo ni maji?" Ndiyo, ni maji ya bwawa. Klorini inashambulia spandeksi taratibu, na joto la bwawa lenye maji ya moto linaharakisha. Hapo sikumtoza nguo ya pili bei kamili, kwa sababu nilipaswa kumuuliza tangu mwanzo anaogelea mara ngapi. Kwa anayeogelea likizoni, kitambaa cha nailoni na spandeksi ni kizuri, laini na kinapendeza mwilini. Kwa anayeingia bwawani kila siku, tafuta kitambaa cha poliesta kilichochanganywa na PBT, ambayo ni aina ya poliesta inayovutika kwa umbile lake na inastahimili klorini vizuri zaidi. Hakibani kwa ulaini uleule, lakini kinadumu mara nyingi zaidi. Na lastiki ya miguuni na kwapani iwe ile ya nguo za kuogelea, si ya sketi.

Vijana wa mashindano nao huja na ndoto zao. Mmoja alitaka vazi la kufunika mwili mzima, kama yale ya mwaka 2009, wakati rekodi 43 za dunia zilipovunjwa kwenye mashindano ya dunia ya kuogelea huko Roma, watu wakiwa wamevaa mavazi ya poliyurethini, aina ya plastiki isiyofumwa. Kuanzia Januari 2010 mavazi hayo yamepigwa marufuku: wanaume ni kutoka kiunoni hadi magotini, wanawake kutoka mabegani hadi magotini, na kitambaa lazima kiwe cha kufumwa. Mashindano makubwa yanataka vazi lililoidhinishwa, kwa hiyo la fundi ni la mazoezi. Mwambie mteja ukweli huo kabla hujakata.

Ukweli mwingine ni mgumu zaidi kuusema. Wapo wanaokuja kutaka nguo iwafute tumbo, hasa kina mama waliotoka kujifungua. Kitambaa chenye nguvu kinaweza kushikilia, kikampa mtu raha ya kutembea na kukimbia bila kutikisika. Hakiwezi kuondoa mwili, kinausogeza tu, na kikibana kupita kiasi kinausogezea juu ya kiuno cha taiti, ndipo mtu anajiona vibaya zaidi kuliko alivyokuja. Nimewaona wakilia kwenye pazia la kujaribia. Siku hizi sitaji namba za vipimo kwa sauti, naandika tu. Nawaomba wachuchumae, wakae, wainue mikono, na wakisema "hapa panabana" naamini mwili wao kuliko tepu yangu.

Nguo ikitoka mkononi mwangu inaenda na karatasi ndogo ya matunzo, nami hueleza kwa mdomo pia. Vazi la kuogelea lisuuzwe kwa maji safi mara tu mtu anapotoka bwawani, lisikae limeviringishwa na taulo ndani ya mfuko. Maji ya kufulia yawe ya baridi au vuguvugu, sabuni laini, hakuna dawa ya kung'arisha yenye klorini. Vilainishi vya nguo visitumike, vinaacha utando kwenye nyuzi na nguo ya mazoezi inashindwa kutoa jasho. Isikamuliwe kwa kusokotwa, ikandwe ndani ya taulo. Ikaushwe kivulini, si kwenye mashine ya joto wala jua la mchana. Mafuta ya kujikinga na jua nayo hula uzi, kwa hiyo yasafishwe siku hiyohiyo. Atakayefuata hayo ataivaa muda mrefu, nami nalijali hilo kwa sababu nyuzi hizi zinatokana na mafuta ya petroli na kitambaa kilichochanganywa na spandeksi ni kigumu kutenganishwa na kurejelezwa. Kikilegea, karibu kila mara kinaishia jalalani.

Usilimbikize majora. Spandeksi inazeeka hata kabatini, na ile iliyokaa kwenye joto na mwanga utaikuta inavutika bila kurudi kabla hata haijakatwa. Nunua cha kazi iliyopo, na andika tarehe kwenye kile kipande unachotunza. Ukianza, anza na kaptura ya kubana ya kuvaliwa nyumbani, uishone tena na tena kwa vitambaa tofauti mpaka mikono ielewe tofauti zake. Kisha taiti, kisha topu, kisha vazi la kuogelea. Sidiria ya mazoezi iache mwisho kabisa: pale kitambaa kinatakiwa kivutike pembeni na kikatae kwenye mikanda, kiruhusu pumzi na kizuie mtikisiko, na kila uamuzi wa kitambaa, lastiki na mshono unalipwa na mwili wa mtu anayekimbia.